Wachoraji Waliotupa Kisogo

Mabibi na mabwana, wenzangu wa sindano na wenzangu wa brashi, karibuni sana. Najua mmeshangaa. Mmeingia humu mkakuta wanasesere 12, wachoraji wa mandhari niliowashona kwa nguo kuukuu, wamesimama mezani, na wote wamewapa kisogo. Mzee wetu pale mbele alishanyoosha mkono kuwageuza, nikamsihi avute subira kidogo. Nimewapanga hivyo kwa makusudi, na sababu yake ndiyo itakayotuweka hapa kwa muda.

Kabla sijaendelea, neno kwa mliokuja na watoto. Hawa si wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Macho yao ni vifungo, na kifungo hupita kooni upesi kuliko mzazi anavyoweza kugeuka. Wakubwa, waguseni mnavyotaka. Mwanasesere wa kitambaa asiyeguswa ni mto uliovalishwa koti.

Kazi hii ilianza kwa kosa. Mwanasesere wangu wa kwanza alikuwa Paul Cézanne, mchoraji Mfaransa, na nilimshona kwa kufuata picha zake: kipara, ndevu, macho ya mtu aliyeudhiwa. Ndevu peke yake zilinila siku tatu, nikichambua nyuzi za sweta la kijivu moja baada ya nyingine. Halafu nikamvika koti jeusi la kitambaa kipya, kwa sababu nilidhani heshima ni upya. Nikamweka kwenye rafu. Akaja mtoto wa jirani, akamtazama sana, akaniuliza, "Huyu ni babu wa nani?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa babu wa yeyote. Ukimtoa kwenye rafu yangu ukampeleka kwenye rafu ya mtu mwingine, angeweza kuwa daktari, kasisi au mwenye nyumba anayedai kodi.

Basi nikarudi kwenye michoro yake badala ya picha za uso wake. Cézanne alizaliwa Aix-en-Provence mwaka 1839 na akafia huko huko mwaka 1906. Karibu na mji huo kuna mlima wa mawe ya chokaa unaoitwa Sainte-Victoire, na yeye aliuchora kwa rangi za mafuta zaidi ya mara 30, mbali na michoro ya rangi za maji. Mlima ule ule. Sasa, mshonaji akiitazama ile michoro ya miaka ya mwisho, haoni mlima kwanza. Anaona viraka. Kiraka cha buluu, kiraka cha udongo, kiraka cha kijani kilichopachikwa mahali ambapo hakuna jani lolote, vyote vimewekwa ubavu kwa ubavu mpaka ukirudi nyuma hatua tatu mlima unajikusanya wenyewe. Oktoba 1906 alinyeshewa na mvua akiwa anachora nje, akabebwa kurudishwa nyumbani, na baada ya siku chache akafariki.

Nilifumua lile koti jeusi usiku huo huo. Nikakata shati la buluu lililopauka, pazia la rangi ya udongo, na suruali ya jinzi iliyochoka magotini, nikaunga viraka vidogo vidogo upande wa mgongoni mpaka mlima ukatokea kati ya mabega. Ndevu nikazipunguza, zilikuwa zinapiga kelele. Mtoto wa jirani aliporudi, hakumtaja Cézanne, hamjui. Aliuliza, "Kwa nini babu amevaa mlima?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekosea. Mchoraji wa sura za watu anakaa akikutazama wewe. Mchoraji wa mandhari ametupa kisogo. Yeye na sisi tunaangalia upande mmoja, yeye akiwa mbele kidogo, na kitu pekee chake tunachokiona ni mgongo. Uso wake ndio kitu ambacho hakukiweka kwenye picha ya mandhari. Mimi nilikuwa nimeshinda siku tatu kwenye ndevu, yaani kwenye sehemu ambayo mwenyewe aliiacha nje ya picha za mlima wake. Tangu siku ile nashona koti kwanza. Uso huja mwishoni, ukibaki muda.

Wachoraji ninaowapenda ni wale wa mahali pamoja. Sisemi wanaosafiri hawana kazi nzuri. Nasema mtu aliyerudi kwenye mto ule ule mara 100 anamfaa mshonaji wa nguo kuukuu, kwa sababu nguo nayo imerudi kwenye mwili ule ule mara 100. Mwingereza John Constable, aliyezaliwa Suffolk mwaka 1776, alichora kinu cha baba yake na mfereji uliopita hapo. Mwaka 1821 alimwandikia rafiki yake kwamba anapenda maji yanayovuja kwenye mabwawa ya vinu, mbao zilizooza, nguzo zenye utelezi na matofali. Mimi nikisoma orodha hiyo nahisi mtu amefungua kapu langu la matambara. Inasimuliwa kwamba siku moja akiwa safarini ndani ya gari la farasi, abiria mwenzake, asiyemjua, alimwambia kwamba hapa wanapopita ni nchi ya Constable. Akajitambulisha haraka, asije yule mgeni akaendelea kusema akaharibu sifa.

Tuje kwenye kitambaa, maana wengi mmekuja kwa ajili ya hicho.

Msidhani mwanasesere wa matambara ni ubunifu wa zama hizi za kuhesabu taka. Jumba la makumbusho la British Museum linaye mmoja aliyetoka Oxyrhynchus, Misri, wa kati ya karne ya 1 na ya 5. Mwili wake ni kitani kizito, na ndani amejazwa matambara na mafunjo. Mtu fulani wakati wa utawala wa Warumi alikuwa na mabaki ya kitambaa na mtoto wa kumtuliza, akafanya tunalolifanya leo. Kwa hiyo nguo kuukuu siitumii kwa kuwa ni fasheni. Naitumia kwa kuwa inajua kitu ambacho nguo mpya haikijui: imekaa juani.

Chukua jinzi. Rangi ya nili haizami hadi ndani ya uzi. Hukaa juu kama ganda, na kiini cha uzi hubaki cheupe. Kila goti linapokunjwa, ganda linamomonyoka na weupe unatokea. Ndiyo maana jinzi ya miaka kumi ina mbingu ndani yake, na jinzi mpya ina buluu tu. Ukifumua mfuko wa nyuma wa suruali iliyovaliwa sana, chini yake utakuta umbo la mfuko likiwa na buluu ya siku ya kwanza, kama kivuli. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto huko Alabama, Marekani, walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi za shambani, na vivuli hivyo vya mifuko hawakuvificha. Vinaonekana wazi, na ndivyo vinavyokushika macho. Nimeiga hilo bila haya. Ziwa lililo kwenye koti la yule wa pili kutoka kulia ni kivuli cha mfuko. Sikulikata umbo hilo mimi. Lilikatwa na jua na mtu aliyekuwa akiweka pochi yake mfuko ule ule kila siku.

Na uzi? Huko Bengal, yaani Bangladesh na jirani yake upande wa India, kuna mshono wa kantha. Sari zilizochoka hutandikwa moja juu ya nyingine, kisha hushonwa pamoja kwa mistari ya sindano, na kwa desturi nyuzi za rangi zilivutwa kutoka pindo za sari zenyewe. Nguo inajishona kwa nyuzi zake. Nilipolisikia jambo hilo nilijiona mjinga kwa miaka yote niliyonunua uzi wa kufanana na kitambaa nilichonacho mkononi. Vuta uzi kutoka ukingoni, upitishe kwenye nta usikatike, na rangi itakubali bila mabishano.

Kujua kitambaa ni cha nini, usiamini lebo, maana nguo kuukuu nyingi lebo zake zimekatwa. Vuta uzi mmoja, ushike kwa kibanio cha chuma juu ya bakuli la maji, uwashe. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele na hujizima. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mimi natafuta pamba, kitani na sufu, kwa kuwa hukubali pasi na hukubali kukunjwa. Sufu ina fadhila moja zaidi. Ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, hujikaza ikawa nzito na haichambuki tena ukikata. Majani, mawe, mapande ya theluji, yote nayakata humo bila kupinda ukingo. Sweta lililoharibika kwa kufuliwa vibaya, ambalo mwenye nalo analilia, mimi nalipokea kwa vigelegele.

Nguo ya kuvutika, kama ya fulana, haichanganywi na isiyovutika kwenye mwili mmoja. Utapata tumbo linaloning'inia upande. Na msijaze mwanasesere kwa vipande vikubwa vya matambara, hata kama mnataka kusema hakuna kilichotupwa. Atakuwa na uvimbe kama aliyeumwa na nyuki. Kata mabaki yawe membamba kama chai kavu, ujaze kidogo kidogo, ukianza na ncha za mikono, ukishindilia kwa kijiti butu.

Shingo ndiyo mahakama ya mshonaji. Constable wangu wa kwanza alikuwa na koti zuri mno. Nilikuwa nimeshona mawingu yote kwa kodrai nyeupe na kitani cha kijivu, kwa sababu mwaka 1821 na 1822 alichora picha nyingi za mawingu huko Hampstead, London, na nyuma ya karatasi aliandika tarehe, saa, na upepo unavuma kutoka wapi. Nikamsimamisha mbele ya wageni, na kichwa kikaanguka kifuani taratibu, kama mzee aliyesinzia ibadani. Wakacheka. Nami nikacheka, ila kwa sauti ndogo. Sasa navingirisha kitambaa kigumu kikawa kijiti, nakipitisha kutoka kichwani hadi katikati ya kifua kabla ya kufunga mabega. Lakini nilijifunza kitu kingine kutoka kwa Constable, nacho ni ile tabia ya kuandika nyuma. Mkiinua makoti haya mtakuta kwenye bitana kipande cha utepe kilichotariziwa: shati hili lilikuwa la nani kwa kazi yake, si kwa jina, na lilivaliwa muda gani. "Shati la fundi bomba, miaka minane." "Shuka, wagonjwa watatu." Hii ndiyo hali ya hewa ya kitambaa.

Emily Carr wa Canada mtamtambua kwa tumbili aliye begani; nimevunja sheria yangu kidogo kwa ajili yake. Alizaliwa Victoria mwaka 1871 akafa mwaka 1945, na misitu ya pwani ya magharibi hakuna aliyeichora kama yeye: miti inayojisokota kama inataka kuondoka ardhini. Lakini mimi nampenda kwa miaka ambayo karibu aache kuchora. Aliendesha nyumba ya wapangaji, akafuga mbwa wa kuuza, akafinyanga vyungu, na akatengeneza mazulia kwa matambara. Hata tumbili wake, Woo, Carr alimshonea magauni. Yaani huyu ni mwenzetu kabisa, wa sindano na wa kuhesabu kodi. Alipokosa fedha za turubai, alichora kwenye karatasi ya bei nafuu, akiyeyusha rangi za mafuta kwa petroli ili zitiririke. Koti lake nimelishona kwa mtindo huo wa zulia, vipande virefu vya matambara vikivutwa kupitia gunia, ili ukilipitishia mkono uhisi msitu. Lipapaseni. Ni zito kuliko yeye mwenyewe, na ndiyo sababu anaegemea ukuta.

Tom Thomson, Mkanada mwingine, simsemei mengi. Vibao alivyochorea porini vilikuwa na ukubwa wa takriban sentimita 21 kwa 27, yaani vinaingia ndani ya koti la mtu mzima, na mimi nimempa mwanasesere wake mfuko wa ndani wa kuvitia. Alikufa mwaka 1917 kwenye ziwa Canoe, katika hifadhi ya Algonquin, na mpaka leo watu wanabishana alikufaje. Nimeombwa mara nyingi nimshonee mtumbwi uliopinduka. Nimekataa kila mara. Mtu aliyetuachia misonobari na upepo haifai kukumbukwa kwa ajali.

Kuna kundi ambalo kila nikilieleza mikono hunitoka jasho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, huko Fort Pierce, Florida, vijana weusi walianza kuchora mabwawa, minazi, mawimbi na machweo ya pwani yao. Majumba ya sanaa hayakuwapokea; ilikuwa ni zama za ubaguzi, na mtu mweusi alitarajiwa kuchuma machungwa ya mwingine. Wakapakia picha kwenye buti za magari, wakauza barabarani, ofisini na hotelini, kwa bei iliyokuwa karibu dola 25, nyingine rangi ikiwa haijakauka. Miaka mingi baadaye ndipo walipopewa jina la Highwaymen. Hawakuwa na fedha za turubai, kwa hiyo walichora kwenye bodi za kujengea nyumba, na fremu wakatengeneza kwa mbao za mapambo ya dari. Mwaka 2004 watu 26 kati yao waliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wasanii wa Florida. Alikuwemo mwanamke mmoja tu, Mary Ann Carroll.

Nimemshona Mary Ann Carroll. Mgongo wake ni machweo, tabaka juu ya tabaka: gauni la rangi ya chungwa, kitambaa cha kichwani cha waridi, na chini kabisa kipande cha ovaroli ya gereji kwa ajili ya maji meusi. Nilitaka kumtengenezea na gari, nikaacha. Mikono yake imeshika picha ndogo kama mtu anayebisha hodi. Jambo la kuuza mlangoni kwa mtu asiyetaka hata kukutazama usoni, huku umebeba anga lake mwenyewe kwapani, nimejaribu kulishona kwenye mabega yake. Sijui kama limekaa. Mtaniambia.

Mtaona pia mezani pana nafasi tupu, ya 13, yenye kadi ya jina peke yake: Albert Namatjira. Hiyo si kazi iliyochelewa.

Namatjira alikuwa mchoraji wa jamii ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa Australia; alizaliwa mwaka 1902 Hermannsburg, mahali ambapo watu wake wanapaita Ntaria, katikati ya nchi hiyo. Mwaka 1936 alijifunza rangi za maji kwa kusafiri na mchoraji Rex Battarbee, akimwongoza jangwani. Miaka miwili baadaye maonyesho yake ya kwanza huko Melbourne yaliuzika yote. Akaichora nchi ya wazee wake: milima ya zambarau na miti ya magome meupe kama mifupa. Mwaka 1957 alipewa haki za uraia ambazo ndugu zake wengi hawakuwa nazo, na mwaka uliofuata akahukumiwa kwa kumpatia kileo mtu wa ukoo wake, kwa kuwa sheria ilimruhusu yeye na kumkataza mwenzake. Akafa Agosti 1959, akiwa na miaka 57. Hakimiliki ya michoro yake ilikaa mikononi mwa wengine kwa miongo mingi, na familia yake iliipata tena mwaka 2017 tu.

Nilikuwa nimeshakata koti. Blanketi la sufu, zambarau iliyofifia, zuri kuliko yote haya mnayoyaona. Halafu nikasimama na mkasi mkononi. Jamii nyingi za wenyeji wa Australia zina miiko juu ya sura na majina ya waliofariki, na mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Zaidi ya hapo, familia ambayo imepigania kwa miaka mingi haki ya picha za mzee wao haihitaji mgeni mwingine anayejifaidia kwa sura yake kwa nia njema. Emily Carr mwenyewe, alipokuwa akifinyanga vyungu vya kuuzia watalii, alivitia michoro ya watu wa asili wa huko kwao, na baadaye aliandika jinsi jambo hilo lilivyomsuta. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Samahani, watoto.

Nchi ya Namatjira ina washonaji wake. Alice Springs, mji aliofia Namatjira, kuna wasanii wa Yarrenyty Arltere wanaoshona sanamu laini za watu, ndege na wanyama kwa mablanketi ya sufu yaliyotumika, wakiyatia rangi kwa mimea ya porini. Mara ya kwanza kuona picha za kazi zao nilikaa chini. Blanketi lao lilikuwa limechemshwa pamoja na majani ya ardhi ile yenyewe. Langu la zambarau nililipata kwenye gunia la mitumba. Nikalikunja, nikalirudisha kabatini, na kadi ikabaki.

Mnaotaka kujaribu, kwenye meza ya pembeni kuna sindano, subana, mikasi miwili na gunia zima la nguo ambazo zimefuliwa. Zimefuliwa, nasema, kwa sababu nondo hawatofautishi kati ya sanaa na chakula. Msianze na uso. Chagueni kwanza mchoraji ambaye mnaijua nchi yake au mmekaa na michoro yake muda mrefu, halafu mkae na gunia kimya mpaka kitambaa kimoja kikatae kurudi ndani.

Na wewe mzee wetu wa mbele, sasa unaweza kuwageuza. Taratibu tu na wa tatu kutoka kushoto. Ndiye yule Constable wa shingo, na sikuwahi kumfumua.